Taa za mapambo ndani ya kompyuta: volti 5, volti 12, molex au rimoti?

Kabla ya kuchagua rangi, zima kompyuta, fungua ubavu wa kasha na umulike kingo za ubao mama kwa tochi ya simu. Unatafuta vitu viwili: pini nne zilizosimama mstari mmoja zenye maandishi 12V, au pini tatu zenye pengo, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, zenye maandishi 5V. Hizo ndizo zitakazoamua ununue nini. Wengi hufanya kinyume: hununua kwanza utepe wa taa uliowavutia dukani, wakifika nyumbani wanakuta hauna pa kuchomekwa. Kibaya zaidi ni wanapoulazimisha mahali pasipo pake, ukaungua papo hapo.

Kila kampuni imezipa pini hizo jina lake. Kwa ASUS, za volti 12 ni RGB_HEADER na za volti 5 ni ADD_HEADER au ADD_GEN2. Kwa MSI ni JRGB na JRAINBOW. Gigabyte huandika LED_C kwa volti 12, na D_LED au ARGB_V2 kwa volti 5. ASRock hutumia RGB_LED na ADDR_LED. Majina si ya kukariri. Soma volti, na ukiwa na shaka fungua kijitabu cha ubao wako kwenye tovuti ya kampuni.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Ubao wenye pini za volti 5 unastahili ARGB, yaani taa ambazo kila kijitaa hupata rangi yake, wala usihangaike na kitu kingine. Wenye pini za volti 12 peke yake unatosheka na RGB ya kawaida, ambayo utepe mzima hupata rangi moja kwa wakati mmoja. Usio na hata moja, utepe wa rangi moja unaochukua umeme moja kwa moja kwenye pawa saplai ni bora kuliko seti ya rimoti ya bei ya chini. Hiyo ya mwisho ndiyo inayobishaniwa zaidi, na tutaieleza.

RGB ya volti 12 na ARGB ya volti 5

Ukizishika mkononi, tepe hizi mbili zinafanana. Ndani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Utepe wa RGB una nyaya nne. Mmoja unaleta volti 12. Mitatu iliyobaki ni njia za kijani, nyekundu na bluu. Ubao mama hufungua na kufunga njia hizo tatu kwa kasi ambayo jicho haliioni, na utepe mzima hupata rangi moja kwa wakati mmoja. Hauwezi kuwa mwekundu huku na wa bluu kule. Vijitaa vyake vimeungwa vitatu vitatu, ndiyo maana alama ya kukatia huja kila baada ya vijitaa vitatu. Kimoja kikifa, ni kikundi chake tu kinachoathirika. Vingine vinaendelea kuwaka kama kawaida.

Utepe wa ARGB una nyaya tatu: volti 5, data na hasi. Ndani ya kila kijitaa mna chipu, mara nyingi ya aina ya WS2812B. Chipu hiyo husoma biti 24 za kwanza zinazoifikia, nane kwa kila rangi, inabaki nazo, kisha inapitisha zinazofuata kwa jirani yake. Mawasiliano hayo huenda kwa kilohezi 800, kwa hiyo utepe mzima wa ndani ya kasha hubadilika mara nyingi kwa sekunde, na rangi zinaweza kukimbia, kufuatana au kupanda na kushuka kwa mdundo wa muziki. Unaweza kuukata baada ya kijitaa chochote. Udhaifu wake unatoka palepale penye nguvu yake: chipu moja ikifa, vyote vilivyo nyuma yake hukosa data.

Kuna jambo jingine linalowasumbua wanaokata na kulehemu wenyewe. ARGB ina mwelekeo. Mwanzo wa kila kipande umeandikwa DI au DIN, mwisho DO au DOUT, na mara nyingi kuna mishale midogo. Ukilehemu waya wa data upande wa DOUT, hakuna kitakachowaka hata kama umeme umefika wote.

Sasa hatari yenyewe. Utepe wa volti 5 ukipewa volti 12, chipu zake zinaungua mara moja na hakuna fundi wa kuzirudisha. Plagi nyingi za ARGB zimetengenezwa na tundu la tatu limezibwa, zisiingie kwenye pini nne za volti 12. Ukihisi plagi inagoma, simama. Ukilazimisha, utapinda pini au utaunguza utepe. Kinga hiyo haipo kabisa ukitumia nyaya moja moja za kuchomeka au viunganishi vya kubadilisha umbo la plagi, na vingi vinavyouzwa kwa jina la kigeuzi hubadilisha umbo tu, havigusi volti. Kinyume chake hakina madhara makubwa: utepe wa volti 12 kwenye pini za volti 5 hauwaki tu, kwa sababu vijitaa vitatu vilivyofuatana haviwezi kuwashwa na volti 5.

Hesabu ya umeme, ifanye kabla ya kununua mita

Kijitaa cha kawaida cha WS2812B hula hadi miliampea 20 kwa kila rangi. Rangi zote tatu zikiwa juu kabisa, yaani nyeupe kali, ni miliampea 60. Utepe wenye vijitaa 60 kwa mita, ukikatwa nusu mita, una vijitaa 30. Zidisha 30 kwa 60: miliampea 1,800, yaani ampea 1.8, sawa na wati 9 kwa volti 5.

Pini nyingi za ubao mama zimewekewa kikomo cha ampea 3. Kwa volti 5 hizo ni wati 15, au vijitaa 50 kwa hesabu kali. Vijitabu vya baadhi ya mbao za MSI vinaruhusu vijitaa 75 kwenye JRAINBOW moja, na 200 iwapo mwanga utashushwa hadi asilimia 20. Ukibaki karibu na 50 huna cha kuhofia. Ukizidi hapo, ama shusha mwanga, ama weka habu (kiboksi cha kugawa nyaya) yenye waya wake wa umeme wa SATA, plagi bapa inayotumiwa na diski: habu ya namna hiyo huchukua data tu kwenye ubao, na ampea zote hutoka kwenye pawa saplai. Usisahau kwamba feni za ARGB nazo zinahesabiwa; soma kwenye boksi feni moja ina vijitaa vingapi, halafu zidisha.

Kwa volti 12 mambo ni mepesi. Nusu mita ya utepe wa 5050 (vijitaa vya milimita 5 kwa 5) wenye vijitaa 60 kwa mita hula kama wati 7, yaani ampea 0.6, na kikomo cha ampea 3 hapo ni wati 36. Unaweza kuzungusha utepe kasha zima na bado uko ndani ya mipaka. Hapa RGB ya zamani inaishinda ARGB, na wachache wanaisifia kwa hilo.

Volti 5 pia huchoka njiani. Weka utepe mrefu kwenye rangi nyeupe uone: mwanzo ni mweupe, mwisho unaelekea rangi ya chungwa. Kijitaa chekundu hutosheka na volti 2 hivi, kijani na bluu huhitaji karibu 3 au zaidi, kwa hiyo umeme ukipungua, bluu ndiyo ya kwanza kufifia. Dawa ni kupeleka nyaya nyingine mbili, za volti 5 na hasi, kutoka chanzo kilekile hadi mwisho wa utepe. Ndani ya kasha la kawaida, ambalo ubao wake wa kipimo cha ATX una urefu wa milimita 305, ni nadra kuhitaji hivyo.

Wanaohofia bili ya umeme watulie: wati 9 kwa saa sita kila siku ni kama uniti 1.6 kwa mwezi.

Rangi moja kutoka pawa saplai

Huu ndio uchaguzi unaodharauliwa. Utepe mweupe wa volti 12 wenye plagi ya molex (plagi pana ya nyaya nne itokayo kwenye pawa saplai) au SATA hauhitaji programu, hauhitaji pini za ubao mama, na ukizima kompyuta unazima. Tena weupe wake ni mweupe kweli. RGB na ARGB hutengeneza nyeupe kwa kuchanganya rangi tatu, na matokeo huelekea bluu au zambarau. Anayetaka kasha lionekane safi, nyaya zake zimepangwa na kadi ya michoro iangaziwe vizuri, hatapata mwanga huo kwenye ARGB ya kawaida.

Kwenye plagi ya molex, waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, na miwili meusi ni hasi. Utepe wa volti 12 unataka wa njano na mweusi. Plagi ya umeme ya SATA ina pini 15. Volti 12 imepewa tatu na volti 5 imepewa tatu, kila pini ampea 1.5, yaani ampea 4.5 kwa kila volti. Hizo zinatosha taa na kubaki, mradi usiunge diski tatu na feni tano kwenye plagi hiyohiyo.

Tahadhari moja ni ya kuchukuliwa kwa uzito. Vigeuzi vya molex kwenda SATA ambavyo kichwa chake ni plastiki iliyomiminwa moja kwa moja juu ya nyaya vinajulikana kwa kuungua, kwa sababu nyaya husogeleana ndani bila kuonekana na kupiga shoti. Chagua vile ambavyo kila waya umebanwa kwenye pini yake, vyenye kifuniko cha nyuma kinachofunguka. Tofauti ya bei ni ndogo, na kinachoweza kuungua ni kompyuta nzima.

Seti za feni zenye rimoti

Zinauzwa sana: feni tatu au zaidi, kiboksi kimoja, rimoti, na bei inayovutia. Feni huchomekwa kwenye kiboksi kwa plagi ya pini sita, na kiboksi hupata umeme wa molex au SATA. Kuunga ni dakika chache. Tatizo linakuja baadaye. Mpangilio wa pini sita hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, kwa hiyo feni moja ikifa huwezi kununua ya chapa nyingine ukaichomeka. Ni lazima utafute seti ileile, na mara nyingi imeshatoka sokoni. Mwendo wa feni katika seti nyingi hausomi joto la prosesa. Zinazunguka kasi ileile mchana na usiku, au kasi uliyoichagua kwa rimoti. Na kwenye chumba chenye kompyuta kadhaa, kama vibanda vya gemu, rimoti moja inaweza kubadilisha taa za mashine zote zenye kiboksi cha aina hiyo.

Si kwamba hazifai kabisa. Kuna seti ambazo kiboksi chake kina waya wa pini tatu wa kuunga kwenye 5V ya ubao na waya mwingine wa PWM kwa ajili ya mwendo wa feni. Hizo ni nzuri. Kabla ya kulipa, geuza boksi utafute picha ya nyaya hizo mbili. Zisipokuwepo, fedha yako itakaa vizuri zaidi kwenye feni mbili zisizo na taa na utepe mmoja mweupe.

Kompyuta za mtumba za ofisini

Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazouzwa kwa wingi Nairobi na Dar es Salaam hazina pini za RGB za aina yoyote. Modeli ndogo zina ugumu wa ziada: pawa saplai yao haina molex, na umeme wa diski hutoka kwenye ubao mama kupitia plagi ndogo. Waya huo umetengenezwa kwa ajili ya diski. Usiutwishe nusu mita ya vijitaa.

Njia salama hapo ni USB. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, ambazo ni vijitaa vinane tu vya ARGB kwenye nyeupe kali, au kama thelathini mwanga ukiwa robo. Utepe mdogo wa rangi moja wa volti 5 wenye plagi ya USB, sentimita 30 hadi 50, unafaa. Hakikisha maandishi yake hayazidi wati 2.5. Kasha lenyewe ni bati lisilo na kioo, kwa hiyo utepe huo utapendeza zaidi nyuma ya skrini au chini ya meza kuliko ndani.

| | Umeme | Rangi | Hukatwa kila | Kikwazo kikubwa |
|---|---|---|---|---|
| ARGB | 5V, pini 3 | kila kijitaa yake | kijitaa 1 | ampea. Chipu moja ikifa, nyuma kunazima |
| RGB | 12V, pini 4 | moja kwa utepe mzima | vijitaa 3 | haina rangi zinazokimbia |
| Rangi moja | molex au SATA | moja ya kudumu | vijitaa 3 kwa 12V | haibadiliki |
| Seti ya rimoti | molex au SATA | inategemea seti | haikatwi | plagi isiyolingana na nyingine |
| USB | 5V, miliampea 500 | inategemea utepe | soma alama ya mkasi | ufupi |

Kuunga utepe wa ARGB

Mahitaji: utepe wenye plagi ya pini tatu, spiriti ya kusafishia, kitambaa kisichotoa nyuzi, vibana waya vya plastiki, na kama utakata, mpira unaosinyaa kwa moto au gundi ya silikoni ya kuziba ncha. Mita ya kupimia umeme itakuondolea shaka nyingi.

Kwanza ujaribu utepe kabla haujagusa gundi. Zima kompyuta, zima swichi ya pawa saplai nyuma, subiri kidogo, kisha uchomeke plagi kwenye pini za 5V ukilinganisha mshale au alama ya 5V na ile iliyo ubaoni. Washa. Vijitaa vyote vikiwaka, zima tena ndipo uanze kubandika.

Pima njia ya utepe kwa uzi. Mahali pazuri ni ukingo wa juu wa kasha, nyuma ya fremu ya kioo, ambapo vijitaa vyenyewe havionekani bali mwanga wake tu. Epuka kubandika karibu na vipoza joto vilivyo pembeni mwa prosesa, kwa maana joto hulegeza gundi. Futa bati kwa spiriti, acha likauke, bandika ukikandamiza kidogo kidogo, kila sehemu sekunde kadhaa. Utepe usioviringishwa vizuri kwenye kona huinuka baada ya siku chache. Afadhali uukunje kwa upana au uukate na kuuunga kwa waya.

Ncha iliyokatwa izibe. Hili halina mjadala. Pale penye shaba wazi pana volti 5 na hasi zikiwa milimita chache kutoka kila moja, na utepe ukidondoka juu ya mgongo wa kadi ya michoro au bati la kasha, unapiga shoti. Kwa wanaoishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, utepe uliofunikwa silikoni una faida nyingine: hewa ya chumvi haiifikii shaba na kuigeuza kijani.

Kisha waya upitishwe nyuma ya trei ya ubao mama na ufungwe kwa kibana, mbali na mapanga ya feni.

Kwa programu, chagua moja tu. Armoury Crate ya ASUS, MSI Center, Polychrome ya ASRock na ile ya Gigabyte zote hutaka kuzitawala taa zilezile, na mbili zikikutana taa hupepesa au hugoma kubadilika. OpenRGB ni ya bure, inafanya kazi Windows na Linux, na inazitambua mbao nyingi za kampuni hizo. Windows 11 nayo imekuwa na sehemu yake ya taa tangu 2023, lakini inatawala vifaa vinavyofuata kiwango cha pamoja cha taa kiitwacho HID LampArray tu. Popote utakapochagua, ingiza idadi kamili ya vijitaa. ARGB haimwambii ubao ina vingapi.

Dalili na sababu zake

Nusu ya kwanza inawaka, nyingine giza: ama idadi uliyoingiza kwenye programu ni ndogo, ama kuna chipu iliyokufa. Ongeza idadi kwanza. Isipobadilika, kata kijitaa cha kwanza kilichozima, mara nyingine na kile cha mwisho kinachowaka, kisha unga vipande kwa nyaya tatu ukifuata mishale.

Utepe wa RGB wa volti 12 umegoma kabisa: plagi yake ya pini nne inaingia kwa pande zote mbili. Zima, igeuze, jaribu tena. Rangi zimebadilishana, ukiomba nyekundu unapata kijani: mpangilio wa rangi kwenye programu ubadilishwe kutoka RGB kwenda GRB.

Rangi zinaruka ovyo, hasa unapotumia kontrola ya nje kama ESP32 yenye programu ya WLED: hasi ya kontrola na hasi ya utepe hazijaunganishwa, au data ya volti 3.3 inayotoka kwenye ESP32 ni ndogo kwa utepe wa volti 5, ambao kikawaida unataka karibu 3.5 ili kuitambua. Fupisha waya wa data, au weka chipu ya kupandisha volti kama 74AHCT125, pamoja na rezista ya omu 330 mwanzoni mwa njia ya data.

Taa zinaendelea kuwaka kompyuta ikiwa imezimwa: mbao nyingi huacha volti 5 ya akiba ikipita kwenye USB, na nyingine hata kwenye pini za taa. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguka kabla ya Windows, tafuta ErP, chaguo la kukata umeme wa akiba, uiwashe, au tafuta chaguo la taa wakati wa kuzima. Ukiwasha ErP, kibodi haitaweza tena kuiamsha kompyuta iliyozimwa, na simu haitachaji kwenye tundu la USB usiku.